Betri ya Nane

Kosa la kwanza la Kokugonza lilikuwa kutokuwa na takataka.

Nyumba aliyopangishiwa, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, ilikuwa na ghorofa tatu na wapangaji sita, na wenzake watano walikuwa nazo za kutosha. Jumanne walitoa mifuko ya njano yenye makopo na plastiki. Alhamisi lilisukumwa nje pipa la kahawia, la maganda na mabaki ya chakula. Kila baada ya wiki mbili likatoka pipa la karatasi, na lile la kijivu likabeba vitu visivyokuwa na pa kwenda. Chupa zilipelekwa kwa miguu hadi mtaa wa pili na kutumbukizwa kwa rangi, nyeupe na nyeupe, kijani na kijani, lakini si saa ya mchana watu wanapopumzika, wala si Jumapili. Yote hayo yaliandikwa kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Baada ya mwezi mmoja Kokugonza alipoamka hakujiuliza tena leo ni siku gani. Alijiuliza leo ni rangi gani.

Hata hivyo, siku ya njano ilipofika hakuwa na mfuko, na siku ya kahawia ilipofika hakuwa na ndoo ya kumwaga.

Dirishani, ghorofa ya chini, alikaa bibi mmoja mjane ambaye mwenye nyumba alimpa kazi ya kuangalia usafi wa uani. Bibi huyo alijua nani ametoa nini na saa ngapi. Akiwa na shaka alivaa glavu zake za mpira, akatoka, akafunua mapipa moja baada ya jingine, akachungulia, akafunika. Ndiyo maana Celestin alimbatiza Mama Mifuniko, na jina lake halisi, ambalo Kokugonza hakuweza kulitamka vizuri hadi Desemba, likasahaulika kati yao wawili.

Celestin Sebahire alikuwa kijana wa Rubwera, upande wa Kyerwa. Wazazi wake walitoka Rwanda wakalima huko Kyerwa, naye alizaliwa hukohuko. Alikuwa mwaka wa tatu akisomea ufundi wa magari katika mji uleule, na kila Jumamosi alikuja kula kwa Kokugonza, kwa sababu alisema chakula cha mezani kwao bwenini hakina mtu ndani yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Futa miguu."

"Nimeshafuta. Dada, unajua kwamba hapa unaogopwa? Mama Mifuniko kanishika ngazini, kaniuliza kama wewe unakula."

"Si ninakula?"

"Nimemwambia unakula kunishinda mimi. Akasema, basi maganda yanakwenda wapi? Mtu anakula, hatupi kitu. Zamani kwao mtu kama huyo alikuwa mchawi."

"Kwani na wao wana wachawi?"

"Walikuwa nao. Siku hizi wamewapanga kwa rangi."

Kokugonza alicheka, lakini aliinuka akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alikuwa na sababu ya kutotulia.

Anatolia Kokugonza alikuwa mtu wa Nyakasimbi, Karagwe, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, msaidizi katika chumba cha macho cha hospitali ya kanisa. Mwaka 1990 hospitali ilipewa mashine ya kusaga vioo vya miwani. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, ikafunguliwa, ikatazamwa na kila mtu, kisha ikafunikwa kitambaa na kuwekewa chupa ya chai juu yake, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua kuitumia. Aprili 1992 kanisa likamtafutia Kokugonza nafasi ya miezi kumi na minne katika karakana ya miwani Ujerumani. Mtihani ungekuwa Mei. Akifaulu angerudi na cheti, na mashine ile ingeondolewa chupa ya chai.

Mama yake, Kemirembe, hakujali cheti. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kwa vitu vya karibu, hakuweza tena kuchagua mawe kwenye maharage. Alichagua kwa vidole, na kwa vidole mawe mengine yalimpita. Mwaka ule alikuwa amevunja jino.

"Nenda," alimwambia binti yake siku ya kuondoka. "Ukaniletee macho."

Sasa, mnamo Juni, macho yale yalikuwa karibu kupotea kwa ajili ya makopo.

Kokugonza alikuwa msichana wa miaka ishirini wakati wa vita vya mwaka 1978, na alikumbuka vizuri miaka iliyofuata, maduka yalipobaki na rafu na mwenye duka. Kopo la maziwa lenye mfuniko unaobana lilikuwa mali. Lilitengenezwa koroboi, likawa kipimo cha maharage, likaoteshewa miche ya kahawa. Liliazimwa na likarudishwa. Kwa hiyo hapa Ujerumani kila kopo alilofungua aliliosha, akalikausha, akalipanga ndani ya kabati la nguo, makubwa nyuma na madogo mbele. Na asubuhi moja ya Jumanne, alipopita karibu na mifuko ya njano ya wenzake, aliona ndani yake makopo manne ya maziwa ya mtoto, mazima, na mifuniko yake. Gari lilikuwa halijafika. Akafungua fundo la mfuko, akayatoa, akafunga fundo lilelile vizuri.

Pazia la ghorofa ya chini lilitikisika.

Barua ilitoka ofisi ya kanisa iliyomtafutia chumba. Celestin aliisoma mara mbili kabla ya kuitafsiri.

"Wanasema kuna malalamiko. Unafungua takataka za watu. Wanasema wanakuelewa, lakini likija lalamiko la pili chumba hiki kimekwenda, na hawana kingine."

"Na pasipo chumba?"

"Pasipo chumba, dada, kuna ndege."

Tangu siku hiyo hakugusa mfuko wa mtu. Alipita kwenye mapipa kama anayepita penye mbwa asiyemjua. Alirudi kutoka katikati ya ngazi kuhakikisha amefunga bomba, akarudi tena kuhakikisha mlango. Hesabu ya siku zilizobaki kufikia mtihani aliiandika kwa penseli pembeni mwa kalenda ya friji, akaifuta na kuiandika upya kila asubuhi.

Jambo moja tu hakuliacha, kwa kuwa hakuliona kuwa ni kosa.

Kwao nyumba ilikaa katikati ya kibanja, migomba na kahawa zikiizunguka hadi karibu na mlango wa jikoni. Kila kilichotoka jikoni kilirudi kwenye mashina: maganda, makapi, majivu, maji ya kuoshea. Kemirembe alikuwa tayari kumpa jirani mkungu mzima wa ndizi, lakini maganda hakumpa mtu. Alisema mkungu ni tunda la mwaka huu, na maganda ni ya mwaka ujao. Mbuzi wa jirani akila maganda yake, alimfukuza kwa jina la mwenye mbuzi.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo angewezaje kuyabeba maganda yake, kuyatia ndani ya pipa, na kusimama kuangalia gari likiondoka nayo kwenda kusikojulikana? Alijaribu Alhamisi moja. Alifika na ndoo mpaka kwenye pipa la kahawia, akainua mfuniko, mkono ukakataa.

Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, palikuwa na kichaka cha matunda madogo mekundu, machachu, ambayo Mama Mifuniko aliyachuma Julai na kupika jamu. Udongo wake ulikuwa mkavu, umechoka. Kokugonza aliuona siku ya kwanza. Basi kila Jumatano na Jumamosi, alfajiri kabla watu hawajaamka, alishuka na maganda yake ya viazi, majani ya chai na maganda ya mayai, akachimba kwa kipande cha bati, akafukia, akasawazisha. Kichaka kilianza kutoa majani mapana. Aliporudi chumbani kwa muda wa robo saa hakutembeatembea. Robo saa hizo mbili ndizo pekee za wiki alizotulia.

Mwezi wa Novemba mbwa wa familia ya ghorofa ya tatu alikata kamba.

Ilikuwa Jumamosi karibu na saa tano asubuhi. Celestin ndiyo kwanza amefika, Kokugonza akasikia sauti uani, kisha hatua, kisha mlango ukagongwa mara tatu, polepole. Mama Mifuniko alisimama nje na glavu zake. Hakufoka. Alisema tu kwamba itakuwa vizuri wote washuke.

Chini ya kichaka mbwa alikuwa ametawanya maganda hadi kwenye zege. Wapangaji walisimama wamekunja mikono kwa baridi.

"Anauliza kama ni yako," Celestin alisema.

"Mwambie ni yangu. Mwambie ni mbolea."

Mama Mifuniko alisikiliza, akachukua beleshi, akachimba mwenyewe. Beleshi la kwanza lilitoa udongo mweusi wenye minyoo minene. Akauchota, akaufinya kiganjani, akaunusa. Kisha akasema neno ambalo Kokugonza alilielewa bila mkalimani: "Mzuri." Mtu mmoja nyuma alicheka. Kokugonza naye akacheka.

Beleshi la pili likagonga kitu.

Ilikuwa betri ya redio, imevimba, inatoka kutu na maji meupe.

Kokugonza alikuwa na redio ndogo ya betri mbili, ambayo jioni aliitegesha dirishani kutafuta Kiswahili. Betri zilipokufa alizianika juani, kama kwao wanavyofanya, zikampa taarifa ya habari mbili tatu, zikafa kabisa. Na kwao betri iliyokufa inatupwa migombani. Watoto wanaivunja, wanatoa makaa ya ndani, shuleni yanapakwa ubao uwe mweusi. Hakuna aliyewahi kumwambia neno juu yake. Alizifukia pamoja na maganda bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake.

Mama Mifuniko aliuachia udongo wa kiganjani uanguke. Alizungumza kwa muda, sauti imeshuka, na Celestin safari hii hakutia utani wowote.

"Anasema ndani ya hii kuna sumu. Anasema mjukuu wake ana miaka minne na anakula matunda ya kichaka hiki kwa mkono, hayaoshi. Anasema..." Alisita. "Anasema barua ataiandika leo, ataituma Jumatatu asubuhi. Hana namna."

Kokugonza alitazama kichaka, akatazama dirisha la bibi, ambako juu ya kizingiti palikuwa na viatu vidogo vya mpira vya mtoto. Hakuwa amewahi kuviona, ingawa alipita hapo kila siku.

"Mwambie nitazitoa zote. Na udongo nitautoa."

Celestin alitafsiri. Mama Mifuniko alimtazama mwanamke huyo mfupi aliyevaa koti la kuazima.

"Hadi Jumatatu," alisema, akamkabidhi beleshi.

Lilikuwa refu kwake. Angekuwa na jembe angejua la kufanya, lakini beleshi lilitaka kusukumwa kwa mguu, na mguu wake uliteleza. Baada ya dakika kumi alilitupa pembeni akapiga magoti. Celestin alitandaza karatasi kubwa ya plastiki. Kokugonza alichota udongo kwa mikono, akaumwaga juu ya plastiki, akauchambua kwa vidole kidogo kidogo kama mama yake alivyochambua maharage juu ya ungo, macho hayamo, vidole ndivyo vinavyoona.

Betri ya pili ilitoka saa saba. Ya tatu na ya nne zilikuwa zimekaa pamoja kama zilivyokaa redioni. Jumapili aliendelea baada ya ibada, na kwa kuwa Jumapili si siku ya kazi ya nje kule, watu walipita nje ya ukuta wakichungulia. Mama wa ghorofa ya tatu, mwenye mbwa, aliteremsha birika la chai, akaliacha kando ya plastiki. Ya tano. Ya sita. Mvua ndogo ya baridi ilianza. Ya saba ilikuwa chini kabisa, karibu na mzizi.

Baada ya hapo udongo, na udongo, na udongo.

Celestin alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. "Dada, imetosha. Shimo limefika Nyakasimbi."

"Moja bado."

"Moja ipi?"

"Nimebadilisha mara nne. Mbili mara nne ni ngapi, wewe fundi?"

"Mara nne umezihesabu wewe. Kuna mwingine anayejua?" Alichuchumaa karibu yake, akapunguza sauti ingawa hakuna aliyejua Kiswahili pale. "Sikiliza. Saba ni nyingi. Saba zinaonekana kama zote. Akija mwambie zote, barua inachanika, Mei unafanya mtihani, mama anavaa miwani. Ukisema moja bado, anakwenda posta. Dada yangu, usiwe mjinga kwa ajili ya betri."

Aligeuza udongo mwingine. Aliyasikia maneno yale yote, na yote yalikuwa kweli. Alimwona Kemirembe ameshika shavu, na jiwe kiganjani. Alijua pia kwamba hawezi kuuweka moyo wake mahali pamoja muda wote wa miezi sita, akipita kila siku mbele ya viatu vile vya mpira.

Mama Mifuniko alitoka na mwavuli. Alizitazama zile betri saba zilizopangwa juu ya tofali, zimeoshwa na mvua. Alizihesabu kwa kidole.

"Ni zote?"

Neno lao la kukubali ni fupi sana, hata mgeni wa siku moja analijua. Lilikuwa mdomoni tayari.

"Hapana," Kokugonza alisema kwa Kijerumani chake. "Zilikuwa nane. Moja bado."

Celestin alifumba macho.

Bibi alisimama akimtazama, mvua ikigonga mwavuli. Kisha aligeuka akaingia ndani. Kokugonza aliona mlango ukifungwa, akajua amekwenda kuichukua barua. Akaendelea kuchambua udongo, kwa kuwa mikono haikujua kufanya jingine.

Mlango ulifunguka tena. Mama Mifuniko alikuwa amevaa buti, na mkononi ameshika tochi. Giza la Novemba lilikuwa limeanza kuingia, ingawa ilikuwa saa kumi na moja tu. Akafunga mwavuli, akapiga magoti upande wa pili wa plastiki, mzee wa watu na magoti yake, akamulika.

"Endelea," alisema.

Hawakuipata. Walimaliza udongo wote, wakatazama ndani ya shimo, wakapapasa kati ya mizizi. Mwishoni bibi aliinuka kwa kumshika Celestin bega. Alisema kesho gari maalumu litakuja kuchukua udongo huu, ataagiza mwingine. Alisema Kokugonza aende akaoge kabla hajaugua.

"Na barua?" Celestin aliuliza.

"Barua gani?" alisema Mama Mifuniko, akaingia ndani na kufunga mlango.

Jumatatu jioni aligonga tena. Alimchukua Kokugonza kwa miguu hadi dukani, akamwonyesha kisanduku kidogo cha betri zilizokufa kando ya mlango, chenye tundu la duara. Kokugonza alizitumbukiza betri saba, moja moja. Zilitoa mlio kila moja. Baada ya mlio wa saba wote wawili walisimama kidogo, kama waliosikia wimbo bila kiitikio cha mwisho.

Tangu hapo aliyapeleka maganda kwenye pipa la kahawia. Alhamisi ya kwanza alitaka kulifuata gari kwa miguu, akalifuata hadi taa za barabarani. Alipouliza, aliambiwa yanarundikwa nje ya mji yaoze, kisha anayetaka huchukua. Ni ya nani? Ya wote. Jibu hilo halikumtuliza. Kitu cha wote aliwahi kukiona kwao, na alijua kilivyoishia. Lakini maganda aliyapeleka.

Betri ya nane haikumwacha. Aliitafuta kando ya ukuta, kwenye zege, hata mahali mbwa alipokuwa akilala. Karakanani alisaga vioo vyenye unene wa ukucha bila kukosea, jioni akarudi akipita njia ya nyuma na macho chini. Siku nyingine alimkuta Mama Mifuniko naye ameinama palepale.

"Imeonekana?" bibi aliuliza.

"Bado."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kwa miezi sita, na hawakuongeza mengi. Mei alifaulu. Juni, siku ya kuondoka, kichaka kilikuwa na vishada vya matunda ya kijani. Mama Mifuniko alisema kwamba mwaka huu hatachuma. Mtoto ameambiwa asiguse, analia. Alisema hivyo bila lawama, kama anayesema habari za hali ya hewa, na ndiyo sababu lilimuuma Kokugonza kuliko barua. Kisha akamkabidhi mfuko wa njano uliofungwa kamba. Ndani mlikuwa na makopo ishirini na mawili yenye mifuniko, yameoshwa, yamekaushwa. Wapangaji wote walikuwa wameyaweka tangu Krismasi.

"Wamekupa takataka zao," Celestin alisema akimbebea mfuko kituoni. "Dada, umekuwa raia."

Nyakasimbi walimpokea kwa vigelegele, na wiki ya pili mashine ikavuliwa kitambaa. Miwani ya kwanza kusagwa ilikuwa ya Kemirembe. Alivaa, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma, akasema, "Waitu, jamani, nimezeeka hivi na hamkuniambia?" Halafu akataka kuona makopo, ambayo alikataza yafunguliwe kabla ya macho yake kufika, maana habari za makopo zilikuwa zimefika kwa majirani kabla ya habari za cheti, na wanawake watatu walikuwa wamekwisha kukaa barazani wakisubiri kwa adabu.

Walikaa jikoni wakifungua sanduku. Kemirembe alishika kila kopo, akajaribu mfuniko, akasoma picha. Kopo moja, la Kokugonza mwenyewe, alilitikisa, likalia. Akalifungua. Mlikuwa na vifungo vya shati, sindano mbili na pini.

"Na hii betri umeileta ya nini?" aliuliza, ameinyanyua karibu na miwani. "Hata imeshakufa. Huku hakuna betri zilizokufa?"

Kokugonza aliweka chini kopo alilokuwa ameshika.

Akaikumbuka siku ile. Jumamosi ya Septemba, anabadilisha betri, moja ameshaitia kwenye ndoo ya maganda, ya pili iko mkononi, Celestin anagonga. Akaiweka kwenye kopo la vifungo mara moja tu, ili akafungue mlango.

"Mama, nipe hiyo."

"Itupe migombani."

"Sitaitupa migombani."

"Basi chooni."

"Wala chooni. Maji ya chooni yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda chini! Wewe mtoto, huko Ulaya hawana chini?"

Alitoka nayo. Alizunguka nyumba mara mbili, betri kiganjani. Kwenye shina la mgomba wa kwanza aliona nyingine, ya zamani, nusu imezama udongoni. Kwenye mgomba wa tano nyingine. Alikuwa amepita hapo maisha yake yote. Akaziokota, na barazani wale wanawake watatu wakatazamana.

Kesho yake alikwenda posta Kayanga, nusu kwa miguu, nusu juu ya lori la kahawa. Barua aliiandika mwenyewe kwa Kijerumani, mistari mitatu: Betri ya nane iko kwangu. Haikuwahi kuingia kwenye udongo. Kichaka ni safi, mtoto ale.

Ilikuwa tarehe mbili Julai. Karani alisema barua huchukua wiki mbili, labda tatu. Kokugonza alihesabu njiani kurudi, akahesabu tena kitandani, akahesabu akisaga vioo vya mwalimu wa Kiruruma. Matunda yale yalikuwa mekundu kwa siku chache tu, baada ya hapo yalianguka au yaliliwa na ndege. Kila siku ya lori la barua alimtuma mtu kuuliza, kisha akamfuata yule aliyetumwa.

Kadi ilifika Septemba. Ilikuwa na picha ya kanisa, na nyuma yake maandishi makubwa yaliyonyooka. Amekula. Mwaka huu ni machachu sana. Udongo ni mzuri.

Alimsomea mama yake, akatafsiri, akaibandika ukutani jikoni, mahali ambapo ingekaa kalenda. Kisha alichukua kopo alilokuwa akiwekea betri, moja la yale makubwa, akatia betri mbili alizookota asubuhi hiyo karibu na kisima. Sasa zilikuwa kumi na saba.

Kemirembe alikuwa anachagua maharage mlangoni, miwani imeshuka kwenye pua, akirusha vijiwe nje kimoja kimoja kwa furaha ya mtu anayelipiza kisasi.

"Hilo gari lao," alisema bila kuinua kichwa, "linakuja lini kuzichukua?"

"Haliji, mama."

"Haliji kabisa?"

"Huku haliji."

Kemirembe alirusha kijiwe kingine. "Kopo zuri namna hiyo," alisema. "Na mfuniko wake."

Kokugonza aliubana mfuniko kwa kiganja, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, juu ya kabati, chini ya meza. Akatoka nalo hadi uani, akasimama kati ya migomba, akarudi nalo ndani.